Sotoka: Mwaka Maksai Walipokwisha

Ndugu mkulima, hebu fikiri asubuhi moja. Mvua za kwanza zimenyesha, ardhi imelainika, mbegu iko ghalani. Unakwenda zizini kuwafunga nira maksai wako wawili. Mmoja unamkuta amelala. Machozi yanamtoka, kamasi zimejaa puani, mdomoni ana vidonda, tena anahara maji yenye damu na harufu isiyovumilika. Wiki haijaisha amekufa. Mwenzake anamfuata. Unakwenda kwa jirani kuazima, kumbe wa kwake nao wamekufa. Kijiji cha pili, vile vile. Mvua unayo, mbegu unayo, shamba unalo, lakini nguvu ya kulima huna.

Hayo si maneno ya kubuni. Yaliwapata wakulima wa Ethiopia kuanzia mwaka 1888, na maradhi yenyewe ndiyo haya tunayoyaita sotoka. Wazee wa bara letu wana habari zake, maana yalishuka mpaka huku kwetu na kupita hadi Afrika Kusini. Leo nataka nikusimulie jinsi yalivyokuja na jinsi yalivyoondolewa, kwa sababu ndani ya habari hiyo mna jambo linalomhusu kila mwenye plau na mkokoteni: ng'ombe wa kazi akifa, nani anakuja kumsaidia mkulima, na anakuja na nini mkononi.

Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba sotoka iliingia pembe ya Afrika mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa na majeshi ya Kitaliani kupitia bandari ya Massawa. Ng'ombe wa Asia walikuwa wameyazoea maradhi haya kwa karne nyingi, na wale wa Ulaya pia waliyajua. Wa kwetu hawakuwa na kinga hata chembe. Inakadiriwa kwamba Ethiopia ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa.

Sasa lazima uelewe namna Mwethiopia anavyolima. Nyanda zake za juu zimelimwa kwa plau ya mti yenye ncha ya chuma, inayoitwa maresha, tangu zamani za kale, kabla wengi wetu hatujaiona plau. Maresha hukokotwa na maksai wawili. Mwenye mmoja huungana na jirani mwenye mmoja, wakalima kwa zamu. Kwa hiyo akifa maksai mmoja, mashamba mawili yamesimama. Na walipokufa karibu wote, nchi nzima ilisimama. Ukame nao ukaja, na nzige, na viwavi. Njaa ile ilidumu mpaka mwaka 1892, na Waethiopia wenyewe wanaiita Kifu Qan, yaani siku mbaya. Wako wanaosema kwamba theluthi moja ya watu wote ilipotea. Inasimuliwa kwamba Menelik, aliyetawazwa kuwa mfalme wa wafalme mwaka 1889, alishika jembe na kulima kwa mikono yake ili wakuu wake waone haya na kufanya vile vile. Kitendo kizuri, lakini jembe la mkono halilimi ardhi ya maresha. Watu waliozoea kulima eka kadhaa kwa maksai walijikuta wanachimba vishamba vidogo vya kutosha kuku tu.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na wale wanaoandika kwamba njaa ile ilikuwa ya ukame. Ukame walikuwa wameuona mara nyingi. Kilichowamaliza ni kwamba mvua iliporudi, hapakuwa na wa kuvuta nira.

Kutoka huko maradhi yalishuka kusini upesi. Mwaka 1891 yalikuwa Kenya na kaskazini ya Tanganyika. Wamasai walikuwa wamekwisha kupigwa na homa ya mapafu ya ng'ombe tangu mwaka 1883. Sasa ikaja sotoka, na nyuma yake ndui kwa binadamu. Wanaikumbuka miaka ile kwa jina la Emutai, maana yake kumalizika kabisa. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipopita Ngorongoro mwaka 1892 aliwakuta Wamasai wamekonda mifupa mitupu, wanakula ngozi na mizoga. Alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamasai walikufa. Nyati na nyumbu nao walikufa ovyo maporini. Na pale ambapo ng'ombe walikuwa wakipunguza vichaka kwa kuchunga, vichaka vilirudi, na vichaka vikaleta mbung'o. Sehemu nyingi zilizokuwa malisho mazuri hazikufugika tena kwa muda mrefu kwa sababu ya ndorobo na malale. Hilo la mwisho aghalabu husahauliwa: ng'ombe walipokwisha, hata ardhi yenyewe iligeuka.

Mto Zambezi uliyazuia maradhi kwa miaka michache. Mwaka 1896 yakavuka. Na huko kusini ndiko watu walikoona waziwazi maana ya mnyama wa kazi. Siku hizo reli ilikuwa haijafika Bulawayo. Kila kitu, kuanzia unga hadi mashine za migodi, kilipanda njia ndefu kutoka Mafeking kwa magari makubwa ya kukokotwa, kila gari likivutwa na maksai kumi na sita au kumi na minane. Sotoka ilipoingia katika njia ile, magari yalisimama palepale yalipo. Maksai walikufa wakiwa wamefungwa nira. Mizigo ikaachwa porini, bei ya chakula Bulawayo ikaruka, na wenye magari wakawa maskini kwa wiki chache. Reli ikaharakishwa ikafika mwaka 1897. Kuna na jambo jingine dogo: punda hapati sotoka. Basi wengi waliokuwa wakimcheka punda walianza kumtafuta kwa bei kubwa.

Serikali za kule zilifanya nini? Zilichukua bunduki. Amri ilikuwa kwamba kundi likionekana lina mgonjwa, wote wapigwe risasi, wagonjwa na wazima. Kwa elimu ya maradhi, amri ile ina maana yake: virusi vya sotoka haviishi sana nje ya mwili, hupita kwa pumzi na kwa majimaji ya mgonjwa aliye karibu, kwa hiyo ukiondoa wanyama wa kuambukizwa unakata njia. Ulaya ilifanikiwa hivyo. Lakini fikiri wewe ni mfugaji, umekwisha kusikia kwamba wageni wamekuja kuichukua nchi, halafu askari anakuja kuwapiga risasi ng'ombe wako wanaocheua vizuri kabisa, na fidia ni kidogo au hakuna. Utaamini kwamba ni tiba? Katika Matabeleland, jambo hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowasha vita vya mwaka 1896. Katika Bechuanaland, upigaji wa ng'ombe risasi ulichangia vita vya milima ya Langeberg vya mwaka 1896 na 1897. Na baada ya damu yote hiyo, maradhi yaliruka nyua na bunduki yakafika hadi Rasi. Kusini ya Zambezi walikufa ng'ombe zaidi ya milioni mbili na nusu.

Bunduki iliposhindwa, ndipo wakaitwa wataalamu. Robert Koch, yule Mjerumani aliyevumbua kijidudu cha kifua kikuu, alifika Kimberley mwezi Desemba 1896. Akagundua kwamba nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, ikidungwa chini ya ngozi ya ng'ombe mzima, humpa kinga. Njia hiyo iliokoa wengi, lakini mara nyingine ilipeleka maradhi pale yasipokuwapo. Wakati huo huo huko Transvaal alikuwako daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Arnold Theiler, kijana ambaye alikuwa amepoteza mkono wa kushoto katika mashine ya kukatia majani. Kwa mkono mmoja, yeye na mwenzake Watkins-Pitchford, pamoja na Wafaransa waliokuja mwaka 1897, walitengeneza njia bora: maji ya damu ya ng'ombe aliyepona, yanadungwa pamoja na damu yenye maradhi. Mnyama anaugua kidogo, anapona, na baada ya hapo hapati sotoka maisha yake yote. Njia hii ndiyo iliyowabakiza ng'ombe wa mbegu katika nchi ile. Theiler baadaye, mwaka 1908, alianzisha kituo cha Onderstepoort ambacho mpaka leo ni cha utafiti wa mifugo.

Miaka iliyofuata nitaipita kwa haraka. Chanjo za kupitisha virusi katika mbuzi zilitengenezwa India, na huku kwetu Kabete. Zilifaa kwa ng'ombe wengi, ila ziliwaumiza vibaya wale wa kizungu na baadhi ya wa kienyeji, hata mfugaji akauliza ni afadhali kipi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 hofu ilikuwa kubwa kwamba sotoka ingeshuka tena kutoka Tanganyika kwenda kusini, hata uzio ukajengwa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa.

Mabadiliko makubwa yalitoka Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo kilichokuwa cha nchi zetu tatu kwa pamoja, Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo daktari Mwingereza Walter Plowright na wenzake walichukua virusi vya sotoka wakavikuza ndani ya chupa, katika chembe za figo za ndama. Vikihamishwa chupa hadi chupa, taratibu vilipoteza ukali. Walipofika uhamisho wa tisini hivi, walikuwa na virusi visivyougua ng'ombe wa aina yoyote, wala visivyoambukiza kwa jirani, lakini vinavyompa kinga ya maisha kwa sindano moja tu. Mambo hayo waliyaandika mwaka 1962. Chanjo hiyo ilikuwa rahisi kuitengeneza, bei yake ndogo. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, na mimi nasema alistahili.

Tena matunda yalionekana mahali ambapo hakuna aliyeyapanda. Ng'ombe wa kandokando ya Serengeti walipochanjwa, nyumbu wa mbugani waliacha kufa utotoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walihesabiwa kama 250,000. Mwaka 1977 walikuwa kama 1,300,000. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Miaka mingi wafugaji walikuwa wakilalamika kuwa nyumbu ndio wanaowaletea sotoka. Kumbe hifadhi ya maradhi ilikuwa zizini.

Kwa chanjo hiyo, mwaka 1962 ukaanza mpango mkubwa wa Afrika uliojulikana kama JP15, ukapita katika nchi 22 hadi mwaka 1976. Makundi yalikusanywa, sindano zikapigwa, masikio yakakatwa alama. Maradhi yakapungua mno. Halafu likatokea kosa ambalo kila mkulima analifahamu: palizi ilisimamishwa magugu machache yakiwa yamebaki. Sotoka ilikuwa bado imejificha katika vijisehemu viwili vitatu, Afrika ya Magharibi na upande wa Sudan na Ethiopia. Fedha zikapungua, chanjo ikaachwa, ndama wasio na kinga wakaongezeka. Kuanzia mwaka 1980 moto ukawaka upya. Nigeria ilipoteza ng'ombe wengi sana mwaka 1983. Kwetu Tanzania maradhi yalionekana tena upande wa Ngorongoro na Loliondo mwaka 1982.

Ethiopia ikapatwa na mengine. Katika njaa ya mwaka 1984 na 1985, watu waliuza maksai au walikufa nao njiani, na mvua ilipofika wakarudi vijijini wakiwa na mbegu za msaada lakini hawana wa kukokota. Ni kama mambo ya 1888 yamerudi. Kituo cha kimataifa cha mifugo kilichokuwa huko kilitengeneza nira na plau ya maksai mmoja, ikafanya kazi vizuri katika majaribio. Wakulima wengi hawakuichukua. Wao walikuwa na dawa yao, ile ya kuungana na jirani, na nadhani waliona mtaalamu anawafundisha kuishi na umaskini badala ya kuwatoa humo.

Mwaka 1986 nchi za Afrika zilianza mpango mpya, safari hii ukiongozwa kutoka Nairobi na ofisi ya mifugo ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Lakini kulikuwa na fundo moja ambalo halikufunguka. Chanjo ya Plowright ilitaka baridi. Iliondoka maabara katika barafu, ikapanda Landrover, ikalala katika friji ya mafuta ya taa, na ikipata joto mahali popote njiani, ilikuwa imekufa ingawa chupa bado inaonekana nzuri. Sasa sotoka iliyobaki ilikuwa imejificha wapi? Ilikuwa kwa Waafar jangwani, Karamoja, kusini mwa Sudan katikati ya vita, yaani mahali ambapo hakuna barabara wala friji wala usalama. Daktari mwenye koti jeupe hakufika. Akifika, mfugaji alikuwa amekwisha kuhama na kundi.

Fundo likafunguliwa kwa njia mbili, nami ninaomba uzitazame pamoja kwa sababu moja bila nyingine isingefaa. Ya kwanza: daktari Mmarekani, Jeffrey Mariner, alichukua chanjo ileile ya Muguga akabadili namna ya kuikausha, ikaweza kukaa kama mwezi mmoja bila barafu. Ya pili: sindano ikatolewa mkononi mwa serikali ikatiwa mkononi mwa mfugaji. Wanavijiji wenyewe walichagua watu wao, wengine hawajui kusoma, wakafundishwa kwa muda mfupi, wakapewa chanjo katika mfuko wa begani, wakatembea kwa miguu na makundi. Wataalamu wengi walipinga. Walisema, tumesoma miaka mitano, leo mchungaji apige sindano? Lakini hesabu ilijibu. Katika nchi ya Waafar mwaka 1994, watu ishirini wa namna hiyo walichanja ng'ombe zaidi ya 70,000, na damu ilipopimwa, waliopata kinga walikuwa wengi kuliko wale waliochanjwa na magari ya serikali. Kusini mwa Sudan, chini ya mpango wa msaada wa Umoja wa Mataifa, ng'ombe zaidi ya milioni moja walichanjwa mwaka 1993 vita vikiendelea.

Tena mfugaji hakutoa mikono tu. Alitoa na habari. Wadinka, Wanueri, Waafar na Wakaramoja wana majina ya kila maradhi, na wazee wanakumbuka ni mwaka gani kundi gani lilitoa machozi na kuhara. Madaktari walikaa chini ya miti wakauliza, wakachora ramani ya maradhi kwa kusikiliza. Miaka mia moja kabla yake, watu waliulizwa swali moja tu: ng'ombe wako wako wapi tuwapige risasi.

Kipande cha mwisho kilikuwa huku huku kwetu. Mwaka 1994 nyati na tandala walianza kufa Tsavo. Mwaka 1996 ikawa mbuga ya Nairobi, na mwaka 1997 ng'ombe wa kaskazini ya Tanzania, wakachanjwa kwa haraka. Ilikuwa sotoka ya aina iliyopoa kwa ng'ombe, hata mfugaji hakuitambua, lakini kwa nyati ilikuwa kali. Kesi ya mwisho iliyothibitishwa duniani ilikuwa ya nyati wa mbuga ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Baada ya hapo miaka kumi ilipita watu wanatafuta, wanapima damu za ndama, hawaioni. Mwezi Mei na Juni 2011 mashirika ya dunia ya afya ya wanyama na ya chakula yalitangaza kwamba sotoka imekwisha. Kabla yake ni ndui peke yake iliyowahi kuondolewa duniani, mwaka 1980.

Sasa wewe mwenye mbuzi, usifunge kitabu bado. Sotoka ina ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo. Kenya iliithibitisha mwaka 2006 na 2007 kuanzia Turkana, na Tanzania ilithibitishwa mwaka 2008. Dalili ni zile zile: homa, kamasi nzito, vidonda vya mdomo, kuhara, kukohoa, na vifo vingi katika mbuzi wadogo. Chanjo yake ipo, na dunia imejiwekea lengo la kuimaliza ifikapo mwaka 2030. Ukimwona mbuzi wa namna hiyo usimpeleke mnadani na usimchinje ukagawa nyama kwa majirani. Mtenge, funga kundi lako lisichangamane malishoni wala kisimani, kisha mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, na umtajie mbuzi alinunuliwa wapi na lini.